Usisubiri Hamu: Mazoezi ya Mwili kwa Mkulima na Mfanyabiashara

Leo naweka pembeni ubwiriunga wa mikorosho na bei ya ufuta. Nataka tuzungumze kuhusu pembejeo ambayo hakuna duka linaloiuza wala ruzuku inayoileta, nayo ni mwili wako mwenyewe.

Baba yangu alilima mpunga Ikwiriri kwa zaidi ya miaka 30. Mpunga ulipokomaa alilala dunguni akiamia ndege, na gunia alilitupia begani bila kuomba msaada. Alipovuka miaka 50 aliwaachia vijana shamba, akafungua duka dogo. Kuanzia hapo alikaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi baada ya isha. Mzigo ulikuja na bodaboda, na yeye mwenyewe akienda msikitini alipanda bodaboda. Mwaka wa sita wa duka akapata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vikakataa. Katika ekari zetu tatu, mbili ziliuzwa kwa ajili ya matibabu na chakula cha nyumbani. Akili yake ilibaki nzima, akikaa barazani aliwaelekeza watu namna ya kupanda, lakini jembe hakulishika tena.

Siwezi kusema kwamba kiti cha dukani peke yake ndicho kilicholeta kiharusi. Sababu ni nyingi: chumvi, tumbaku, urithi, umri, na presha ambayo mtu hajui kama anayo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Urithi na umri hatuviwezi. Kiti tunakiweza.

Jambo la kukaa lilichunguzwa zamani huko London, kwenye mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye usukani siku nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo yao: makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, ingawa wote walifanya kazi ndani ya basi lile lile. Tangu hapo tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mwili unaotembea hudumu kuliko mwili unaokaa.

Sasa tazama Kibiti yetu, nani konda na nani dereva? Mvuvi anayevuta jarife na kupiga kafi ni konda. Mama anayebeba maji na kutwanga ni konda. Muuza duka, wakala wa fedha za simu, kijana wa bodaboda, na mimi bibi shamba niliye juu ya pikipiki kutwa nzima, sote ni madereva. Mkulima yuko kotekote. Wakati wa kulima na kupalilia ni konda, ila ufuta ukishauzwa na mpunga ukiwa ndani, miezi inapita akiwa barazani. Kwa hiyo ukiniambia "mimi nalima, mazoezi yananihusu nini", nakuuliza: unalima miezi mingapi kwa mwaka?

Baba alipougua nilikuwa na miaka 31. Nilipima presha, muuguzi akasoma 138 kwa 88, akaniambia inapanda ila haijafika kwenye dawa. Akanipa kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani nalo linakishauri: angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, pamoja na siku mbili za kujenga misuli. Dakika 150 zilinitisha. Nikazifanyia kama tunavyofanya na mbegu mpya. Mbegu mpya huipandi shamba zima, unaipa kipande kidogo kwanza uone. Kipande changu kilikuwa dakika 10 za kutembea haraka baada ya swala ya alfajiri.

Hapa ndipo penye neno langu la leo. Watu wengi wananiambia, "Bibi shamba, nataka kuanza, ila hamu sina." Nawauliza kama wana hamu ya kupalilia. Hakuna mwenye hamu ya kupalilia. Unapalilia kwa sababu majani yameota na wakati umefika. Hamu huja baadaye, ukiona shamba limependeza. Mazoezi ni hivyo hivyo. Asubuhi nyingi natoka nyumbani sina hamu hata kidogo, na nikifika kwenye miembe ya pili ndipo mwili unafunguka. Usisubiri hamu, panga wakati.

Wakati wenyewe usiuache hewani, ufunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa. Kwangu ni swala ya alfajiri. Kwa mwenye genge inaweza kuwa kabla ya kufungua, kwa mama lishe baada ya kuosha vyombo vya mchana, jua likianza kupoa. Wenzangu wa delta, nyinyi mna jambo lenu. Maji hayajai saa ile ile, kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mvuvi akisema atafanya mazoezi saa 11 alfajiri, wiki hii ataweza na wiki ijayo atakuwa majini. Ajifunge kwenye tukio, siyo kwenye saa: nikishatia nanga na kupima samaki, natembea. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu huona wepesi baada ya futari kutulia tumboni.

Ratiba niliyoifuata, na ambayo nimewapa wengi, ni hii. Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 10 kila siku. Wiki ya tatu na ya nne, dakika 20. Kuanzia wiki ya tano, nusu saa kwa siku tano. Mwendo uwe wa kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Siku mbili za wiki ongeza misuli: chuchumaa na kuinuka mara 10, pumzika kidogo, rudia mara mbili. Kisha simama mbele ya ukuta au shina la mwembe, weka viganja, piga pushapu za kusimama mara 10. Ukizizoea, shuka chini. Hakuna chuma cha kununua.

Aliyeko visiwani ataniambia kwake ni tope na mikoko, hakuna pa kutembea. Atafute penye mchanga maji yakipwa, au azunguke uwanja wa shule. Masika yakifunga njia, kuchuchumaa na kuruka kamba kunawezekana barazani. Dada zangu ambao hawapendi kutazamwa, uani kunatosha. Mimi siku za mwanzo nilipigiwa kelele njiani: "Bibi shamba, unakimbizwa na nani?" Nikawajibu, "Nakimbizwa na presha." Baada ya mwezi kelele zilikwisha, na mmoja wao akaniomba tuwe tunatoka pamoja.

Huyo mwenza ndiye ameniweka njiani kuliko kitu kingine. Tunajua kutoka kwenye shamba darasa kwamba mkulima peke yake huahirisha, lakini akijua wenzake wanamsubiri, anafika. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa ninachokifahamu kimeingiza mazoezi kwenye siku ya kikao. Wanawake wale wanatembea nusu saa kwanza, ndipo sanduku linafunguliwa. Asiyetokea bila udhuru anatozwa shilingi 200. Wanasema faini ni ndogo, ila aibu ya kuitwa jina inatosha.

Serikali nayo ilishatusukuma. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Itumie siku hiyo kukusanya watu kijijini kwa mchakamchaka kama ule wa shuleni. Lakini mche haukui kwa kunyweshwa mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote zinakutegemea wewe.

Weka kumbukumbu. Mimi natumia kalenda ya ukutani, nikimaliza naweka alama ya vema. Itafika siku utakosa: msiba, safari, mtoto ameugua. Usione kwamba mambo yameharibika. Mahindi yasipoota kwenye mashimo kadhaa hung'oi shamba, unarudishia palepale. Sheria ninayoshauri ni moja: siku ya kukosa isifuatwe na siku nyingine ya kukosa.

Wala usiwe unapima tumbo kila Ijumaa. Aliyepanda mkorosho hafukui mizizi kila wiki aone umefika wapi. Wiki za mwanzo tazama dalili nyingine: usingizi umekuwa mzito? Kilima kile hukitweti tena? Mgongo umelegea baada ya kuinama kutwa? Kwangu, baada ya miezi minne kipimo kilisoma 126 kwa 80. Nilikuwa nimepunguza chumvi pia, kwa hiyo sifa hiyo siyo ya miguu peke yake.

Angalizo, na hili ulishike. Kama una presha au sukari, una ujauzito, au umewahi kubanwa na kifua, pita kwanza zahanati wakupime na kukushauri. Dawa ulizoandikiwa usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Mwenye sukari avae viatu vinavyomkaa vizuri na akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda kidogo kwake si kidogo. Ukiwa mazoezini ukabanwa kifua, ukasikia kizunguzungu au pumzi ikakatika, simama mara moja na utafute msaada. Jua kali la saa 6 mchana liache, na maji ya kunywa uwe nayo.

Hatutafuti medali kama ile ya Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025. Tunatafuta kulifikia shamba kwa miguu yetu wenyewe tukiwa na miaka 70. Leo jioni chagua tukio utakalojifunga nalo, mwambie mtu mmoja, na kesho tembea dakika 10. Tukionana gulioni nitakuuliza umefika wiki ya ngapi.