Saa ya Mwalimu wa Fidla

Msomaji wangu, kama hujapata kuishika fidla, yafaa nikueleze jambo moja juu yake kabla hatujazungumza habari ya fedha. Fidla ya mtoto si fidla ya mtu mzima. Mtoto wa miaka sita au saba aghalabu huanza na fidla ndogo, ya kipimo cha robo. Mikono yake ikirefuka huhamia ya nusu, kisha ya robo tatu, na mwisho hushika fidla kamili. Mtoto hukua, fidla haikui. Tena nyuzi zake hukatika, na singa za farasi zilizotandwa katika upinde wake hupukutika. Klarineti nayo hutaka kipande chembamba cha tete mdomoni, na kipande hicho huchakaa baada ya majuma machache ya kupulizwa. Basi mtu mwema akimnunulia mtoto maskini fidla leo, akampa mkono wa heri na kwenda zake, amempa kitu cha miaka miwili hivi. Baada ya hapo fidla hutundikwa ukutani, ikawa pambo la nyumba.

Walakini chombo si gharama iliyo kubwa. Gharama kubwa ni mwalimu. Hesabu yaweza kufundishwa watoto hamsini kwa ubao mmoja na chaki. Fidla haifundishiki hivyo. Haina alama za kuonyesha vidole vikae wapi. Sikio la mtoto ndilo litafutalo mahali, na sikio hilo sharti lisahihishwe na sikio jingine lililokomaa, juma baada ya juma, kwa miaka. Nalisema hili kwa kuwa nalijua. Chuo cha ualimu nilikosomea kilikuwa na kinanda kimoja, nasi tuliochukua somo la Muziki tulizidi thelathini. Kila mmoja wetu alikipata robo saa kwa juma. (Vibao vitatu vya kinanda kile havikulia kabisa, tulipovifikia tuliimba kwa mdomo, na mpaka leo vidole vyangu vikifika hapo koo langu hujitayarisha.) Ndivyo tulivyohitimu, ndivyo tulivyopelekwa mashuleni kufundisha.

Ninyi mnaosoma Muziki mnajua kuwa mtihani wa KCSE una sehemu ya vitendo. Mtahiniwa husimama mbele ya watahini, akaimba au akapiga chombo. Mtoto ambaye baba yake amemlipia mwalimu wa nyumbani tangu utoto husimama mahali pale pale asimamapo mtoto aliyefundishwa na watu wa kinanda cha vibao vitatu vibovu. Huulizwa maswali yale yale. Hisani ninayotaka kuisema ni ile ijaribuyo kulijaza pengo hilo.

Fikira ya kuwalipia watoto wasiojiweza mafunzo ya muziki si ya jana. Katika mji wa Venice, Italia, kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto waliotupwa na wazazi wao, ikiitwa Ospedale della Pietà. Baadhi ya wasichana wake walifundishwa kuimba na kupiga vyombo, hata wageni wa nchi za mbali wakasafiri kwenda kuwasikiliza. Mwaka 1703 nyumba ile ilimwajiri padri kijana awafundishe fidla. Jina lake lilikuwa Antonio Vivaldi, na tenzi zake za fidla zapigwa mpaka leo ulimwenguni kote. Lakini kazi yake pale ilipigiwa kura na wakuu wa nyumba mwaka hata mwaka, na mwaka 1709 kura zilimwendea kombo, akatolewa; hakurudishwa ila mwaka 1711. Ikiwa saa ya Vivaldi iliweza kukatwa, saa ya nani haikatiki?

Hapa kwetu Kenya, mfano ujulikanao sana ni wa Korogocho, mtaa wa Nairobi ulio jirani na jaa kubwa la taka la Dandora. Mwaka 2008, katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, yalianza mafunzo yaliyopewa jina la Ghetto Classics, chini ya uongozi wa Elizabeth Njoroge. Watoto wa mtaa ule walifundishwa fidla, tarumbeta, klarineti na vyombo vinginevyo, wakafika kupiga katika kumbi ambazo wazazi wao hawakupata kuzikanyaga. Wengi hustaajabia kumbi hizo. Mimi nastaajabia zaidi njia ya fedha. Tangu mwaka 2014 tamasha la muziki wa jazi, lililoandaliwa na kampuni ya simu ya Safaricom, lilitoa mapato yake kwa ajili ya mafunzo hayo, likarudi tena miaka iliyofuata. Tena wanafunzi waliotangulia wakawa walimu wa wadogo zao. Mwalimu wa namna hiyo hana haja ya kuelekezwa njia ya kufika mtaani, wala hashangai mwanafunzi wake akikosa kuja siku ya kuteka maji.

Yamkini utaniambia kuwa fidla ni chombo cha kigeni, na kwamba fedha za hisani zingetumika vyema zaidi kwa muziki wetu. Nakusihi uende pwani. Fidla imekaa katika taarabu, bega kwa bega na udi na kanuni, kwa muda mrefu kuliko umri wa babu yako. Huko Unguja, mwaka 2002 kilifunguliwa chuo cha muziki kiitwacho Dhow Countries Music Academy, katika jumba la zamani la forodha lililoelekea bahari, Mji Mkongwe. Kilifundisha taarabu na ngoma za watu wa visiwani, kwa ada ndogo ambayo hata hivyo wanafunzi wengi hawakuiweza; wafadhili, hasa wa nchi za nje, ndio waliojaza upungufu. Mwaka 2019 habari zilienea kuwa chuo kile kilikuwa karibu kufunga milango, kwa maana fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka. Huo ulikuwa muziki wetu wenyewe, katika kisiwa chake wenyewe, nao ulitegemea mfuko wa mtu aliye ng'ambo.

Sasa nikupeleke shuleni kwangu. Ninaye mwanafunzi wa kidato cha tatu ajifunzaye klarineti. Chama kimoja cha hisani kilimwazima chombo na kumlipia mwalimu kila Jumamosi. Siku moja mama yake, auzaye mboga sokoni, alikuja kuniona. Alisema, "Mwalimu, wanangu wamelala jana kwa chai. Huyu amelipiwa baragumu. Mbona hawakumlipia chakula?"

Nilimwomba aketi. Swali lake lilikuwa la haki, wala sikutaka kulifukuza kwa maneno mazuri. Nilimwambia, "Mama, wakiiondoa klarineti leo, hawataleta unga kesho. Mifuko yao ni miwili." Hakuridhika, nami sikumlaumu. Ningeweza kumwambia pia kuwa mtoto wa tajiri apigapo piano haulizwi na mtu piano itamlisha nini. Huachwa apige kwa kuwa apenda. Lakini maneno hayo humfaa aliyeshiba. Zaidi ya hayo, kuna ukweli mwingine upande wa mama: klarineti hupulizwa kwa tumbo, na tumbo tupu halina pumzi. Hisani imlipayo mwalimu bila kuuliza kama mtoto amekula imelipia nusu ya somo.

Niliwaandikia wale wafadhili hivyo hivyo. Kwanza walileta mpiga picha, mtoto akasimamishwa na klarineti kifuani, amevaa fulana yenye jina la chama kwa herufi kubwa. Jambo hilo silipendi, nami niliwaambia. Kisha wakaongeza nauli na bakuli la uji kabla ya somo. Mama alikuja tena, safari hii na mchicha, akaniuliza mwanawe amefikia wapi. Nilimwita kijana ampigie. Alimsikiliza mpaka mwisho amesimama mlangoni, kapu kichwani, kisha akasema anawahi sokoni.

Ahadi ya chama ni ya mwaka mmoja, nayo yakoma Desemba. Mtihani wa vitendo ni mwaka ujao. Nimewapelekea barua ya pili, nikawaomba waandike miaka miwili badala ya mmoja, na wasinunue klarineti nyingine hata kama wana fedha. Fedha hiyo wamwekee mwalimu. Jibu halijafika. Jumamosi iliyopita kijana alinionyesha kikasha chake cha tete: kimebaki kipande kimoja, na ncha yake imeanza kupasuka.