Kisumu Ilizaliwa Lini Hasa?

Leo nina swali ambalo limenikaa kooni kwa wiki kadhaa: mji huzaliwa lini? Mtoto tunajua. Kuna siku, kuna saa, kuna mkunga, na baadaye kuna cheti. Lakini mji je? Nani hukata kitovu cha mji?

Msidhani nimeanza falsafa. Swali limetokana na kazi ya kawaida kabisa. Mhariri alinitaka niandae orodha ya matukio makuu ya Kisumu, "kitu chepesi tu, nusu ukurasa," kwa kuwa ukipiga hesabu, mji huu unatimiza miaka 125 tarehe 20 Desemba 2026. Miaka 100 ilisherehekewa mwaka 2001. Ndipo Rais Daniel arap Moi alipoitangaza Kisumu kuwa jiji, la tatu nchini baada ya Nairobi na Mombasa. Mimi wakati huo nilikuwa wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo sikumbuki kitu. Dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, anakumbuka. Anasema, "Tulilala mjini tukaamka jijini, nyakwara, lakini bei ya omena ilikuwa ileile."

Sasa, kwa nini 20 Desemba? Kwa sababu siku hiyo mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani. Ilikuwa imeanza kutandazwa mwaka 1896, ikapita Nairobi mwaka 1899, ikapanda na kushuka Bonde la Ufa, ikatua hapa baada ya zaidi ya kilomita 900. Msumari wa mwisho ulipigiliwa na mwanamke, Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli. Bi Florence alikuwa ameifuata reli hiyo akiishi kwenye mahema pamoja na mumewe. Kituo kikaitwa Port Florence. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya kazi hiyo, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Yaani karibu watu 3 kwa kila kilomita. Hiyo ndiyo keki tunayoikata kila tukisema "mji umetimiza miaka kadhaa."

Halafu kuna kichekesho kimoja ambacho walimu wetu wa historia hawakutuambia, au labda walituambia tukiwa tumesinzia. Siku hiyo ya kuzaliwa, Kisumu haikuwa katika nchi hii! Eneo hili lote lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Lilihamishiwa upande wetu tarehe 1 Aprili 1902, kwa kalamu tu, watu wakiwa wamelala nyumbani kwao. Kwa hiyo ukienda kwa cheti, mwenzetu huyu alizaliwa Mganda akaandikishwa upya akiwa na miezi mitatu na siku kadhaa. Na tena siku ya wajinga.

Lakini hata hicho si kiini cha hoja yangu. Kiini ni hiki: wazee wa Kijaluo watakuambia kwamba jina Kisumu limetokana na neno la kubadilishana vitu, pale watu walipokuja kutafuta chakula hasa wakati wa njaa. Huyu ana samaki, yule ana mtama, mwingine ana vyungu. Maana yake ni kwamba hapa palikuwa na soko, na soko lina watu, na watu wana njia za kufika sokoni, kabla Bi Florence hajashika nyundo. Reli haikuuzaa mji. Iliukuta ukiuza na kununua, ikaupa jina jingine, na jina hilo lenyewe halikudumu. Tumerudi kwenye jina la soko.

Basi nikaenda kwa Dani na daftari langu. Nilitaka anisaidie kuongeza ladha kidogo kwenye orodha. Nikamuuliza, "Dani, miaka ipi mikubwa ya mji huu?" Sikuwa nimejiandaa kwa majibu.

Mwaka wake wa kwanza ni wa mafuriko, yale ya mvua kubwa za kuelekea Uhuru, 1961 na 1962, ziwa lilipopanda na mashamba ya Kano yakawa maji matupu. Ndiyo yaliyomleta mjini akiwa msichana. Alianza kukaanga samaki na kuwauzia abiria karibu na stesheni. Reli ninayoisoma mimi vitabuni, yeye anaijua kwa harufu ya mafuta ya kukaangia na honi ya jioni.

Mwaka wake wa pili ni 1969. Tarehe 25 Oktoba, Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo watu hapa waliizoea kwa jina la Russia. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakarushiana maneno makali mbele ya umati, kukawa na ghasia, walinzi wakafyatua risasi. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 11. Wakazi wengi wamekuwa wakisema miaka yote hiyo kwamba walikuwa zaidi. Dani alikuwa mjamzito. Alikimbia, akafika nyumbani na kiatu kimoja. Ananisimulia huku akichambua omena, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. "Kile kimoja nilikiweka miaka mingi," akasema. "Nilidhani nitakipata kingine."

Mwaka wake wa tatu ni 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Sisi tuliisoma kama siasa ya marais watatu. Yeye anaijua kama mwaka ambao bandari ilianza kunyamaza na abiria wakaanza kupungua. Wa nne ni miaka ya 1990, kiwanda cha nguo cha Kicomi kilipofungwa, na babu, ambaye alikuwa akifanya kazi pale, akaanza kukaa uani mchana kutwa akirekebisha redio ambayo haikuwa na ubovu. Wa tano ni ule wa uchaguzi, Desemba 2007 kuingia 2008, maduka ya barabara ya Oginga Odinga yalipoporwa na kuchomwa, na watu wengi wakauawa kwa risasi za polisi, mambo ambayo tume ya Jaji Waki iliyaandika wazi.

Nikamuuliza kuhusu 1901. Akacheka. "Huo sikuwepo. Muulize huyo mzungu wako."

Mimi nikaongeza mwaka wangu mmoja, kwa kuwa nami nina haki. Ni 2021. Mwezi Februari mwaka huo, korona ikiwa bado imetukaba, nyumba za Wanubi wa Kibos zilibomolewa ili kupisha ukarabati wa reli. Hawa ni wajukuu wa wanajeshi wa Kisudani waliotumikia Waingereza, na wamezaliana hapo kwa vizazi. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari alikulia pale. Alinipigia simu akitafuta mahali pa kuweka godoro na vitabu vya mdogo wake. Kisha, mwezi Desemba mwaka huohuo, treni ya abiria ikarudi Kisumu baada ya miaka mingi. Watu walijazana. Nilikuwa chuoni, nilikwenda kuitazama, na sitawadanganya wadau, honi ilipolia nilisisimkwa. Nikamfikiria Dani na sufuria yake ya mafuta. Nikamfikiria na rafiki yangu. Mambo hayo mawili yalinijia kwa wakati mmoja na sikujua niliweke lipi mbele. Mpaka leo sijui.

Basi orodha yangu ikawa na 1901, na 1902, na mafuriko, na 1969, na 1977, na Kicomi, na 2001, na 2008, na Kibos, na treni kurudi. Nikaongeza na Mei 2022, mkutano wa Africities ulipofanyika hapa, maana sitaki mtu aseme mimi ni wa kulia tu. Nikaipeleka.

Mhariri akaisoma, akavua miwani. "Kijana, hii ni birthday. Mbona umeniletea matanga?"

Nilikosa jibu pale pale, lakini nimelipata baadaye nikiwa kwenye matatu, kama kawaida ya majibu mazuri. Mzee wangu, sisi ndio watu wa kututenganishia birthday na matanga? Huku kwetu matanga yana ngoma, yana pilau, yana vicheko, yana watu wanaooana baada ya kukutana pale. Na hakuna sherehe ya kwetu ambayo mzee mmoja hasimami kuwataja waliotangulia. Kumtaja marehemu hakuharibu sherehe. Kunachoiharibu ni kujifanya hakuwahi kuwepo huku mjane wake amekaa mstari wa mbele.

Nadhani tatizo liko kwenye kufanya sherehe ya siku moja. Sherehe ya siku moja ni ya mgeni rasmi. Mnaijua: mahema, viti vya plastiki, watoto wa shule waliosimamishwa juani tangu saa moja asubuhi, kwaya, hotuba ya kwanza, hotuba ya pili, hotuba ya anayemkaribisha mwenye hotuba. Siku moja haina nafasi ya kiatu cha Dani. Ikiwa na saa nne tu, lazima uchague, na atakayechaguliwa kila mara ni reli.

Wenzetu wengine wamejaribu kwa njia nyingine. Canberra, mji mkuu wa Australia, ulipewa jina tarehe 12 Machi 1913. Ulipofika miaka 100, mwaka 2013, hawakutosheka na siku hiyo. Waliweka shughuli za mwaka mzima: maonyesho, michezo, muziki, mambo ya mitaani. Wakarusha hata puto kubwa la hewa moto lenye umbo la nyangumi mwenye matiti mengi yanayoning'inia, kazi ya msanii Patricia Piccinini, na wakazi wakagombana mwezi mzima kama ni sanaa au ni aibu! Nao pia wana deni kama letu, maana watu wa Ngunnawal walikuwa pale kwa maelfu ya miaka kabla ya hiyo tarehe. Lakini mwaka mzima ni mrefu. Ndani yake watu hupata muda wa kugombana, na mahali ambapo watu wanagombania sherehe, ujue wameanza kuiona ni yao.

Mimi ningependa Kisumu ifanye hivyo, na wala haihitaji pesa nyingi. Mpe kila mwezi mwenyewe. Mwezi mmoja wa soko, Kibuye, akina mama waeleze bei zilivyopanda tangu wanakumbuka. Mwezi wa wavuvi wa Dunga. Mwezi wa gurdwara, hekalu na misikiti, wajukuu wa waliokuja na reli watuambie walichoachiwa. Mwezi wa Wanubi wa Kibos, nao waseme, na tuliobaki tunyamaze tusikilize. Mwezi wa wafanyakazi wa Kicomi walio hai bado. Oktoba uwe wa 1969, bila bendi, watu waje tu na majina ya ndugu zao. Manyatta, Nyalenda, Obunga, Kaloleni, kila mtaa uwe na jioni yake, benchi za kanisani na taa ya dukani zinatosha. Halafu Desemba, sawa, mleteni mgeni rasmi na treni yake ipige honi. Tutashangilia kweli, kwa sababu tutakuwa tunajua tunashangilia nini.

Mnajua kilichonishtua zaidi katika kazi hii? Nimeishi mji huu maisha yangu yote, nina shahada, ninalipwa mshahara wa kuuliza watu maswali, na bado habari ya kiatu kile niliisikia kwa sababu tu mhariri alitaka nusu ukurasa. Dani ana karibu miaka 80. Wenzake aliokaanga nao samaki stesheni walikuwa saba. Wamebaki wawili, na mmoja hatambui tena watoto wake. Hiyo ndiyo maktaba yetu ya miaka ya katikati, na haina rafu wala nakala ya akiba.

Orodha ilitoka gazetini wiki iliyopita. Tulivutana, tukakubaliana nusu kwa nusu. Mstari wa 1969 umebaki. Wa Kibos umekatwa, "kwa sababu ya nafasi." Ndiyo maana nimeuandika hapa, ambapo nafasi haitozwi.

Haya, sasa zamu yenu. Uwe wa Kisumu, Nakuru, Mwanza au Moshi, nenda kwa bibi au babu yako wiki hii ukamuulize miaka mitatu mikubwa ya mji wenu. Usimtajie tarehe za vitabuni, mwache ahesabu mwenyewe. Kisha njoo utuambie alianzia wapi.

Mimi Jumapili narudi kwa Dani. Amesema kuna mwaka mmoja alisahau kuniambia.