Binti Zetu na Mchezo

Katika vilima vya Bukavu sisi tulipanda kwa miguu kwenda shuleni. Leo wanafunzi wengi huchukuliwa na pikipiki mlangoni, na usiku huinamia simu. Asubuhi wanasinzia mbele ya mwalimu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri tena kwamba wenye miaka 5 hata 17 watumikishe mwili kwa bidii ya kadiri hata kubwa, kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku. Kwa hesabu za mwaka 2016, vijana 81 katika 100 duniani hawakufikia kipimo hicho. Kwa wasichana, 85.

Juu ya wasichana tunalo neno. Mvulana akitoka na mpira, hakuna amwulizaye. Dada yake akiomba kucheza, hupewa bidoni: maji kwanza, kisha kutwanga sombe, kisha kulea mtoto. Watu husema, kuteka maji si mazoezi? Mwili unatumika, kweli, na shingo inauma. Lakini pale kisimani hakuna mbio wala kicheko cha mchezo. Nyumbani kwetu tumeamua: siku mbili kila juma kaka zake huteka maji, naye huenda kiwanjani. Majirani wananung'unika. Wanung'unike tu; binti analala mapema, na anakula kwa hamu.