Shajara ya Muheza: Swali la Saba

Jumatano, 5 Februari 2025

Nilipomuuliza ni watoto gani wanaoshindwa kusoma, mwalimu wa darasa la pili hakufungua hata rejesta. Alinyoosha chaki: huyu, yule, na yule wa dirishani. "Wa dirishani usijichoshe naye, ni ukoo. Kaka yake nilimfundisha mimi, na baba yao alifundishwa na mwalimu aliyenitangulia hapa. Kusoma hakuwaingii." Alisema bila ubaya wowote, akarudi kwenye ubao wake na watoto waliojaa mpaka mlangoni.

Pendekezo langu la utafiti lina kurasa nyingi za kueleza alichokisema yeye kwa pumzi moja. Kwamba ugumu wa kusoma hutembea na familia, hilo halibishaniwi tena. Margaret Snowling na Monica Melby-Lervåg walizikusanya tafiti mwaka 2016 wakakuta kwamba, kwa wastani, mtoto mwenye mzazi au ndugu wa karibu aliye na disleksia, yaani ugumu huo wa kusoma, ana uwezekano wa 45 kwa 100 wa kuwa nayo. Ninachokitafuta mimi ni njia inayopitia, na inavyopita hapa Muheza.

Jumapili, 9 Februari

Nimesoma mpaka umeme ulipokatika. Mwaka 1907 James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, aliandika habari za ndugu wanne wa familia moja walioshindwa kusoma, ilhali macho yao yalikuwa mazima na akili zao timamu. Habari hizo zilimfikia daktari wa macho kwa kuwa enzi hizo mtoto asiyeweza kusoma alidhaniwa haoni vizuri. Nimewakuta wazazi wawili hapa waliokopa fedha wakanunue miwani, na watoto wao wanaona mpaka chungu anayetambaa ukutani.

Halafu mapacha wa Colorado. Kwa mapacha wa kufanana, pale mmoja alipokuwa na ugumu wa kusoma, mwenzake alikuwa nao mara 68 katika 100. Kwa wasiofanana, 38. Wote hao hula chungu kimoja na kwenda shule moja, kwa hiyo tofauti kati ya 68 na 38 ni mkono wa damu. Lakini 68 si 100. Watu wenye jeni zilezile, waliotoka tumbo moja siku moja, karibu theluthi yao wanaachana njia. Theluthi hiyo nitaishika kila nitakapomsikia mtu akisema "ni ukoo" kisha akafunga mjadala.

Alhamisi, 20 Februari

Swali la saba kwenye dodoso langu linasema: "Ulipokuwa mtoto, ulipata shida kujifunza kusoma?" Limetokana na kazi ya Jyväskylä, Finland, ambako Heikki Lyytinen na wenzake walianza miaka ya 1990 kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, karibu nusu yao wakiwa wa wazazi wenye disleksia. Finland swali hilo lina jibu. Kila mzazi alikaa darasani, kwa hiyo aliyekwama anajua kwamba alikwama.

Leo nimemuuliza mama anayeuza vitumbua karibu na stendi. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. "Dada, mimi shule niliiona kwa nje." Miaka yake ya kuanza shule iliangukia katikati ya miaka ya 1990. Kulikuwa na ada, kulikuwa na michango, na kwao walipelekwa wa kiume wawili. Mwanawe wa darasa la tatu anasoma silabi moja moja, na akifika kwenye "mb" au "ng'" anasimama kabisa. Na bibi yake? Bibi anasoma! Alijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, miaka ya sabini, akiwa tayari ana watoto.

Nimekaa na daftari hili muda mrefu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Kisha uchumi ukayumba, wazazi wakarudishiwa mzigo wa kulipia, na madarasa yakapungua watoto mpaka serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha akina mama wasiosoma waliobanwa katikati, nyuma yao mama zao wanaosoma, mbele yao watoto wanaosoma. Nikijaza swali la saba kwa mtindo wa Finland, nyumba ya mama huyu itaandikwa kuwa na urithi wa ugumu wa kusoma, wakati sina ushahidi wa kitu kingine chochote zaidi ya ada.

Jumanne, 11 Machi

Ramadhani. Naenda majumbani asubuhi, mchana watu wamechoka na si haki kuwauliza maswali.

Kipimo cha kuondoa sauti kwenye neno, nilichokuwa nikiwapa wazazi, nimekiondoa. Nikisema "kalamu, toa ka", wote wanajibu "Lamu", hata waliokosa shule. Nikisema "sita, toa s", wasiosoma wananyamaza. José Morais na wenzake waliliona jambo hili Ureno mwaka 1979: watu wazima wasiojua kusoma walishindwa kuondoa sauti moja kwenye neno, ilhali jirani zao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Mtu huanza kuisikia herufi ikiwa peke yake baada ya kufundishwa herufi. Kumpa mama wa vitumbua kipimo hicho ni kumpima shule aliyonyimwa kisha kumwandikia kasoro. Nimebakiza kile cha kutaja picha kwa haraka: kuku, kikombe, mkono, jua, samaki. Chenyewe hakitegemei shule kwa kiasi hicho.

Jumamosi, 22 Machi

Mama mwingine, watoto wanne, watatu wazito darasani. Nilipouliza magonjwa akahesabu kwa vidole: huyu degedege, huyu degedege, huyu alilazwa hakuwa na fahamu. Watafiti wa Kilifi, ng'ambo ya mpaka, wamekwisha kuonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria kali hubaki na matatizo ya lugha na ya kufikiri. Na Muheza malaria si mgeni. Watoto wa nyumba moja hugawana mbu kama wanavyogawana jeni, na anayehesabu kwa mbali ataona kitu kimoja tu, familia.

Ijumaa, 4 Aprili

Shawwal. Nimekaribishwa biriani kwenye nyumba niliyoipenda sana, na nimetoka nikiwa na hasira.

Baba wa nyumba, mtu mstaarabu, alisema mbele ya mkewe: "Kwetu kuumeni wote wamesoma. Wewe mtaalamu tuambie, si imetoka kukeni?" Mkewe aliweka sinia chini akaondoka. Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Nilimwambia kuhusu utafiti wa mwaka 2022: zaidi ya watu 50,000 waliowahi kuambiwa wana disleksia walilinganishwa na zaidi ya milioni moja wasio nayo, zikapatikana sehemu 42 za jeni zinazohusika, na kila moja nguvu yake ni ndogo sana. Hakuna jeni moja ya ujinga iliyokaa upande mmoja wa ukoo ikisubiri kuolewa. Kila mtu anabeba baadhi, baba mwenyewe akiwemo. Na watu waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo hata orodha hiyo siwezi kuileta Muheza nikaisoma kama hukumu.

Hakuridhika. Mimi naogopa kwamba kazi hii, ikianguka mikononi mwa watu wabaya, itarudisha wanawake kwao. Kuanzia sasa kila mzazi namuuliza peke yake, pande zote mbili za ukoo, na la mmoja halimfikii mwenzake. Nikiona nyumba haiwezi kulivumilia swali, nyumba hiyo naiacha, sampuli ipungue.

Mke alinisindikiza mpaka barabarani. Hapo akanipa kitu ambacho nimekuwa nikikitafuta tangu Februari. "Shule mimi sikwenda, lakini chuoni nilikwenda. Tulikaa sita, mimi na ndugu zangu. Wengine wote walifika msahafu. Mimi na kaka yangu mmoja tulibaki kwenye juzuu. Maalimu alituchapa mpaka akachoka."

Chuoni, kwenye Kurani! Kwa Waislamu wa pwani ndiko walikokaa wote, mwenye ada na asiye nayo, wa kike na wa kiume. Alifu, bee, tee, kisha kuunganisha herufi na irabu. Watoto sita wa tumbo moja, maalimu mmoja, mkeka mmoja, na wawili wakashindwa kuunganisha. Hapo naweza kuuliza habari za damu bila ada kunizibia njia.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeijaribu njia ya chuoni kwenye nyumba nyingine. Inabidi niwe makini: mtoto anaweza kuhifadhi sura kwa kusikia tu, akaonekana anasoma kumbe anakumbuka. Kwa hiyo siulizi alihifadhi kiasi gani, nauliza alipopewa ukurasa mgeni alifanya nini. Wazee wanalielewa swali hili mara moja. Kwa familia za Kikristo za upande wa Magila mlango wa namna hii bado sijaupata, hao nawauliza habari za kisomo na za ndugu waliobahatika kwenda shule pamoja.

Kuna matokeo ya mapacha ninayotaka msimamizi wangu ayasome tena pamoja nami. Mwishoni mwa chekechea, urithi ulieleza sehemu kubwa ya tofauti za kusoma kwa watoto wa Australia, waliokuwa wamekwisha kuanza kufundishwa, na sehemu ndogo zaidi kwa wa Sweden na Norway, waliokuwa bado. Baada ya mwaka wa kwanza wa shule pengo hilo likaziba. Damu ya Waskandinavia haikubadilika kwa mwaka mmoja. Walifundishwa wote sawasawa, na tofauti iliyobaki baada ya kufundishwa sawasawa ndiyo iliyokuwa kwa sehemu kubwa ya damu. Hapa kwetu hatujafundisha sawasawa, basi na tusiharakishe kusema ni damu.

Damaris Ngorosho alilitazama jambo hili kwa jicho la nyumbani, katika tasnifu yake ya Åbo Akademi ya mwaka 2011 kuhusu watoto wa vijijini Tanzania na kusoma Kiswahili. Nairudia kila ninapochoka.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwandikia Profesa, msimamizi wangu. Swali la saba sasa linasomeka hivi: "Kati yenu ndugu mliokaa pamoja darasani au chuoni, nani alichelewa kuliko wengine kuunganisha herufi?" Linafuatwa na swali la degedege, na la nani alilipiwa ada na nani hakulipiwa. Kipande cha kuuliza wazazi wakiwa pamoja nimekifuta.

Kisha nimekwenda kwa mwalimu wa darasa la pili. Nimemwambia kwamba anayoyajua juu ya koo za hapa ni hazina kubwa kuliko kipimo chochote nilichokuja nacho, ila ameitumia kumwacha mtoto badala ya kumwahi. Jyväskylä walipojua ni watoto gani wako hatarini hawakuwasubiri: walitengeneza mchezo wa kompyuta wa kulinganisha herufi na sauti, GraphoGame, na baadaye ukafika hadi Zambia. Sisi hatuna kompyuta, tuna kadi za silabi na dakika chache kabla ya uji. Alisikiliza. Akaniomba nimwandikie majina ya watoto watano wa darasa la kwanza ambao wajomba au shangazi zao walikwama.

Siwezi kumpa majina, nimeahidi siri. Nimemwambia awaulize wazazi mwenyewe, mmoja mmoja, na aanze na watoto hao muhula huu. Wasisubiriwe mpaka upimaji wa darasa la nne ndio useme kwamba hawajui kusoma.