Jirani na Mgeni

Nyumba si kuta na paa tu. Mtu ahamiapo mtaa mpya hupewa ufunguo siku ya kwanza, lakini mtaa wenyewe haumfungukii mpaka ajue nani wa kuamkiwa, saa ipi ya kubisha hodi, na neno lipi la kunyamaziwa. Maisha ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ni ushahidi wa jambo hili.

Kuhama hakukuwa kugeni kwake. Utotoni alitoka Mtoni akaja mjini, Beit il Watoro, pamoja na mama yake. Baadaye akakaa Beit il Tani, na maisha ya shamba pia aliyajua. Kila mahali alikuta lugha zile zile na adabu zile zile za salamu na ziara. Mwaka 1866 nyumba yake mjini ilipakana na ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Katika Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba. Dari hutazamana, na sauti haihitaji mjumbe. Ujirani ulizaa mapenzi, na mapenzi yakazaa safari. Mwaka huo huo alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, kisha akaenda Hamburg.

Huko alipata nyumba njema. Alivyokosa vilikuwa vidogo kwa kipimo, vikubwa kwa uzito: jua, adhana, na mlango upitiwao na watu. Kiswahili alizungumza na mumewe. Mume alipokufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, hakufa peke yake. Na lugha ya nyumbani ilikatika. Mjane wa miaka 25 aliachwa na watoto watatu wadogo.

Tangu hapo alihama tena na tena: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alifundisha Kiarabu apate riziki. Alirejea Unguja mwaka 1885, na tena mwaka 1888, asipate suluhu wala urithi aliodai. Katikati ya safari hizo, mwaka 1886, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani. Humo nyumba ya Mtoni imesimama kwa maneno, ilhali ile ya mawe leo ni magofu. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huidhania methali hii kuwa ni karipio. Yakini ni heshima, kwa kuwa mwenye jembe ana sehemu yake katika shamba, na mwenye sehemu si mgeni tena. Waliomtazama Salme kama kioja hawakumdhulumu chakula, walimnyima jembe. Mwanafunzi wa Unguja apangaye chumba Ulaya, na Mzungu apangaye Shangani au Malindi, wote wawili wanangojea siku yao ya tatu. Kuifikisha siku hiyo ni wajibu wa mgeni, lakini jembe liko mkononi mwa mwenyeji.