Kabla ya Kupima Kompresheni

Wadau, Jumamosi niliikokota Corolla yangu hadi gereji moja ya uchochoroni hapa Usagara, Tanga. Haina nguvu, inakula oili. Fundi akazitoa plagi zote nne, akaenda kufuata geji. Mimi na kiherehere changu nikashika ufunguo nipige stata.

"Ebo! We mwandishi, wataka kutuunguza?"

Kumbe plagi zikishatoka, injini ikizungushwa inarusha petroli nje kupitia yale matundu. Nyaya za plagi zikiwa bado zinapeleka umeme, cheche moja inatosha. Kwa hiyo kwanza unachomoa fyuzi ya pampu ya petroli na soketi ya koili. Handbreki juu, gia nyutro, mikono mbali na feni. Hapo ndipo unakanyaga mafuta mpaka mwisho na kupiga stata.

Silinda tatu zilisoma paundi 170 kwa inchi ya mraba. Ya pili, 95. Fundi akaitilia kijiko cha oili, akapima tena, ikapanda. Ringi zimekwisha.

Bili itauma, lakini nyusi zangu bado ninazo.