Bunduki Iliyopasuliwa Ubavu

Sisi tuliokulia Mbulu, Dongobesh na vijiji vya kuelekea Yaeda Chini, bunduki tuliijua kwa mlio kabla ya kuiona. Gobore la babu lilikaa darini, na watoto tulikatazwa hata kulitaja. Tuliambiwa pia kwamba wapo watu waliochanjwa, risasi haiwaingii. Ukivuka upande wa Hanang, ukafika Basotu au Katesh, hadithi ni hizo hizo, hasa yakianza mazungumzo ya wizi wa ng'ombe. Habari za Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake ya mwaka 1905, yaliyodaiwa kuzuia risasi, nilizisoma shuleni, nikajibu mtihani na nikafaulu. Imani yangu haikutikisika hata kidogo.

Iliyonitoa huko ni bunduki isiyoweza kupiga.

Nilijiunga na JKT kwa kujitolea. Siku ya somo la silaha, afande aliweka mezani SMG iliyokatwa ubavuni toka kwenye chemba hadi karibu na mdomo wa mtutu, kingo za sehemu zilizokatwa zikiwa zimepakwa rangi nyekundu. Baadaye nilisoma kwamba Waingereza nao walikuwa wakizikata hivyo bunduki zao za Lee-Enfield, aina ile ile waliyobeba askari wa jeshi lao la kikoloni la KAR, ili kufundishia. Afande aliivuta koki polepole, akaiachia polepole. Tuliona risasi ya bandia ikisukumwa kutoka magazini, ikaingia chemba, kisha bolti ikajizungusha kidogo na kujifunga nyuma yake. Alipobana triga, nyundo ilianguka. Akaweka kidole kwenye kitundu kidogo cha juu ya mtutu: "Hapa ndipo gesi ya baruti inapopandia. Inasukuma pistoni nyuma, ganda linatupwa nje, springi inarudisha kila kitu mbele, na risasi nyingine inaingia." Mchoro wa ubaoni usingenifanyia kazi ile, kwa kuwa ubaoni vyuma havitembei.

Kuruta mmoja wa kwetu akauliza kile nilichokuwa naogopa kuuliza: "Afande, na mtu aliyechanjwa je?"

Hakumcheka. Alimsogezea silaha. "Nionyeshe dawa yake inaingilia wapi."

Yule kijana aliinama, akafuata mtutu kwa macho, akarudi chemba, akaenda tena mbele. Hakusema kitu. Nami nilikuwa nyuma yake nikitafuta pamoja naye.

Woga wangu wa bunduki ulibaki, ila sasa nilijua ninachokiogopa: chuma, springi, baruti, na kidole cha mtu. Heshima ile ya kichawi iliisha. Na nilijua mtutu wa kiwandani umetengenezwa kwa kipimo ili uhimili nguvu ya baruti.

Hapo ndipo gobore la babu liliponijia akilini. Mtutu wake ulikuwa bomba la maji.

Serikali ilipotoa nafasi ya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, Septemba na Oktoba 2022, nilimwendea baba mkubwa, maana babu alishatutoka. Akasema, "Mwanangu, hiyo ni kumbukumbu ya mzee." Tuliliangalia pamoja bila kuligusa: kutu, na mshono wa bomba ukipita pale pale shavu la mpigaji linapolala. Nilimweleza baruti inavyotafuta upenyo. Alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama tutahojiwa sana. Kesho yake tulimwarifu mtendaji wa kata, tukalikabidhi.

Vijana wa Mbulu na Hanang wanaolinda mifugo usiku wanastahili kuoneshwa bunduki ya namna ile, iliyokwisha kufa, kabla hawajasikia zaidi habari za chale. Na ndugu yangu, kama kwenu liko gobore darini, usilichezee, usilifukie shambani, wala usilibebe barabarani. Anza kwa kuzungumza na kituo cha polisi au mtendaji wako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtambui mmiliki asiye na leseni, hata kama silaha ni urithi wa babu.